Mariamu wa Suwaidi

Rafiki yangu wa Nairobi, ambaye huhariri jarida dogo la wasanii kuchu, alinitumia maswali kwa simu. Kuchu ni sisi: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wote ambao kitambulisho kimewabana kama shati la mdogo wao. Alitaka nizungumze na wasanii, waigizaji na wanaharakati wa Saudia kuhusu kazi zao. Swali la kwanza lilikuwa, "Je, sanaa yako inahoji nini?" Nililisoma nikiwa nimeegesha gari nje ya shule ya wasichana, nikiwangoja watoto wa bosi, kiyoyozi kimekufa, jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Nikamjibu kwamba huku anayehoji ni polisi, sisi wengine hujibu.

Wanaharakati nilimwambia awasahau. Mwanaharakati wa Riyadh ni mtu aliyeamka, akaenda kazini, akarudi nyumbani bila kujulikana. Huo kwetu ni mkutano mzima wa hadhara. Lakini wasanii nilikuwa nao, wawili, mmoja chumbani kwangu na mwingine Jeddah. Mimi mwenyewe sina kipaji. Ni kuchu wa kawaida tu, dereva wa familia moja ya Suwaidi, mtaa wa Riyadh, na jambo pekee ninaloweza kulifanya mbele ya watu ni kurudisha nyuma gari kubwa kwenye kichochoro bila kugusa ukuta. Kwa hiyo nikizungumzia sanaa mnisamehe, nazungumza kama mtazamaji wa mpira mwenye chipsi mkononi.

Majina sitayataja. Miji nimeitaja kwa sababu ni mikubwa, haiwezi kukamatwa.

Watu wa nyumbani hudhani kwamba kuchu akipelekwa Saudia ameadhibiwa. Hawajui nchi hii ilivyopangwa. Wanaume hulala na wanaume chumba kimoja, sita sita, wanawake hukaa na wanawake, na mtu akishikana mkono na rafiki yake barabarani hakuna anayegeuka. Ni kama kumwadhibu paka kwa kumfungia buchani. Ila paka huyo akionekana anatafuna, amekwisha. Hilo silisemi kwa mzaha. Naogopa, nimeogopa tangu siku ile nilipopewa ikama, kibali changu cha kuishi huku, na hata sasa nikiandika haya nimegeuza skrini ya simu iangalie ukuta.

Mwenzangu wa chumbani ni Mkenya pia. Ana ndevu, ana miguu ya kuvunja sakafu, na kazi yake ni kufunga spika na taa kwenye matamasha na kumbi za harusi. Nairobi alikuwa akipanda jukwaani na gauni na wigi, kwenye ukumbi mdogo ambao watu wake waliitana kwa simu. Huku Riyadh alipata jukwaa mahali ambapo mimi nisingelitafuta hata kwa tochi. Alilipata kwenye ibada yetu ya Ijumaa.

Sisi Wakenya Wakristo wa Suwaidi hukutana sebuleni kwa walinzi fulani, mapazia yamefungwa. Kanisa hakuna, kwa hiyo mezani huwekwa keki na mshumaa, ili mtu akibisha hodi atukute tunasherehekea siku ya kuzaliwa. Kila Ijumaa mtu huzaliwa. Yuko mlinzi mmoja ambaye kwa hesabu ya keki amemzidi umri Ibrahimu wa kwenye Biblia. Krismasi ndiyo siku pekee ambayo ile keki haidanganyi.

Kwa miaka mingi ibada hiyo ilikuwa ya wanaume watupu. Dada zetu wa kazi za nyumbani walifungiwa na madam zao, na manesi walikaa kwenye mabweni yenye geti na mlinzi mkali kuliko sisi. Basi Krismasi ilipofika, na igizo la kuzaliwa kwa Yesu likatakiwa, ilibidi Mariamu awe mwanamume. Mchungaji wetu, ambaye siku nyingine zote huendesha foklifti, aliuliza nani atajitolea. Wanaume wazima wakaanza kuchunguza zulia. Mwenzangu akangoja kidogo, asionekane ana haraka, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetwishwa gunia, "Sawa basi, kama hakuna mwingine." Wakampigia makofi kwa kujitolea kwake. Mimi nikatoka nje kujifanya napokea simu, maana kicheko kilikuwa kimenifika puani.

Kazi yake aliifanya kwa ukali. Mto wa kulalia aliukataa. Alisema mto hauna uzito na mwili haudanganyiki, akauchukua mfuko wetu wa mchele wa kilo tano, akaufunga kwa leso chini ya kifua, akashinda nao siku nzima ya mapumziko. Alikaa nao, akainama nao kutafuta kandambili, akaenda nao chooni. Ndevu hakunyoa, alizifunika kwa ushungi. Nilipomwambia kwamba Mariamu mwenye ndevu atachekwa, alinijibu kwamba watu huangalia ndevu ukiwapa nafasi ya kuziangalia. Mwanamke mwenye mimba kubwa, alisema, hatembei akishika tumbo kama wanavyofanya waigizaji wavivu. Macho yake hutangulia. Akiingia mahali, kabla hajasalimia mtu, amekwisha kutafuta pa kukaa, na mkono wake mmoja unapapasa hewa nyuma yake.

Kipimo chake kilikuwa kimoja. Akiingia sebuleni, lazima mtu amwinukie. Haombi, haashirii, na kwenye maneno ya igizo kiti hakimo. Mwaka ule wa kwanza aliinuka fundi bomba mmoja, mtu ambaye akisikia habari za mashoga hutema mate. Aliinuka bila kujua kwamba ameinuka, akakisogeza kiti chake cha plastiki, kisha akabaki amesimama pembeni akiitazama mikono yake. Mwaka uliofuata waliinuka wawili wakagongana. Mimi sikuwahi kuinuka. Mimi ndiye niliyelipika lile tumbo kesho yake, pilau, na nilizijua soksi za Mariamu.

Nilipomsomea lile swali la rafiki yangu, kwamba sanaa yake inahoji nini, alikuwa amelala chali akikuna kitovu. "Mwambie inauliza kama kuna mahali pa kukaa," alisema. "Hayo mengine aandike yeye, si ndiye amesoma."

Nikamuuliza kama haimuumi kushangiliwa na watu ambao wangemtupa nje na godoro lake siku wakijua.

"Wananipenda nikiwa na mimba," alisema. "Manze, kuna watu hawapendwi hata hivyo."

Msanii wa pili nilimpata kwa matusi. Madam wangu kwao ni Jeddah, na kila likizo ya shule huwa naivusha familia nzima jangwani, watoto wakitapika kwa zamu. Safari moja nilitumwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kumchukua mpiga ngoma wa harusi pamoja na vyombo vyake. Aliningoja kwenye mlango wa nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, mwanamke mnene ndani ya abaya, akiwaamrisha wapagazi wawili kwa Kiarabu ambacho kilikuwa kinawafanya wakimbie. Tulipofika njia kuu, teksi ikanikata mbele, nami nikaitukana kwa Kiswahili, tusi la nguvu. Kutoka kiti cha nyuma ikaja sauti ya kikongwe wa Unguja.

"Mwanangu, tusi hilo hulijui. Umeliacha nusu."

Kisha akalimalizia, polepole, kwa lafudhi ya Zanzibar iliyo safi kama ya mtu aliyeshuka jana. Wazazi wake waliondoka Unguja mwaka sitini na nne, yeye akazaliwa Jeddah, na Kiswahili alichonacho ni kile mama yake alichokifungasha pamoja na masufuria. Nikamwita bi mkubwa tangu siku hiyo.

Kazi yake ni kupiga dufu na kuimba kwenye harusi za wanawake. Huko ndani wanaume hawaingii, na simu hukusanywa mlangoni na kutiwa kwenye mifuko. Kwa hiyo mwanamke huyu, ambaye nasikia anaweza kumtoa machozi shangazi wa bwana harusi aliyekuja kwa nia ya kugomba, hana hata sekunde moja ya sauti yake mahali popote. Mimi nimemsikia kupitia ukuta tu, nikiwa kwenye maegesho na madereva wengine. Hufika mvumo wa dufu, na vigelegele, na mara moja moja mstari mmoja mlango unapofunguliwa kutoa takataka. Nilimwambia ni hasara. Akanijibu kwamba chakula kizuri nacho hakina picha, na watu wameshiba.

Tulipozoeana alinieleza mambo yake waziwazi, kwa sababu alikuwa ameyaona yangu kabla sijafungua mdomo. Anaishi na binamu yake, ambaye si binamu yake. Wameishi pamoja tangu wakiwa wasichana, binamu hupiga dufu la pili na kuzipasha joto ngozi za madufu kwa mashine ya kukaushia nywele, maana unyevu wa Jeddah huzilegeza. Majirani huwapelekea harisa mwezi wa Ramadhani na kuwahurumia kwamba hawakupata waume. Kuhurumiwa huko wanakutafuna taratibu, pamoja na harisa. Nilipomuuliza kama yeye ni mwanaharakati, alitaka kujua harakati ndiyo nini. Nikamweleza. Akasema ana magoti mabovu, mambo ya kuandamana hayawezi.

Jambo moja alilisisitiza kuhusu kazi yake, tena na tena, na mwanzoni nililiona ni kiburi. Akiwa na dufu, hasimami. Bi harusi akiingia, watu wote husimama, yeye hukaa. Mama wa bi harusi akija kumpa mkono, humpa mkono akiwa amekaa. Amekaa mbele ya wanawake wenye almasi kubwa kama jicho la ng'ombe. "Dufu ndilo linalowainua watu," alisema. "Mie nikiinuka, nani atabaki kuwainua? Sijamwinukia mtu tangu nilipolishika, wala mama yangu sikumwinukia."

Kwa akili yangu ya udereva nikaona watu hawa wawili wanatakiwa wakutane. Mmoja huigizia wanaume watupu, mwingine huimbia wanawake watupu, na hakuna hata mmoja anayeweza kumtazama mwenzake akifanya kazi. Nikawakutanisha kwa simu. Nilijuta. Walianza kuongea kila juma, saa nzima, mimi nikilala katikati ya ubishi. Bi mkubwa alimfundisha mwenzangu namna ya kuvuta pumzi. Mwenzangu akamfundisha mahali pa kuweka spika ili sauti isirudi. Lakini juu ya Mariamu bi mkubwa alikuwa mgumu kama kwato. Alisema maisha yake yote amewaona wanaume wakiigiza wanawake, na wote huigiza matiti na makalio kisha hudhani wamemaliza. Mwenzangu akamweleza yale ya macho na kiti. Nilimsikia bi mkubwa akiguna upande wa pili.

"Umesema vizuri," alisema. "Kusema hata kasuku husema. Mie nitaamini nikiona."

Basi hilo likamwingia mwenzangu kichwani na halikutoka. Makofi ya walinzi na mafundi bomba hayakumtosha tena. Alianza kufanya mazoezi miezi kabla ya Krismasi, akinizuia mlangoni kuniuliza bega likoje. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akitaka kitu kimoja namna ile: mwanamke mmoja, anayejua kazi, amwone Mariamu wake na aseme neno. Na hakukuwa na njia. Pale sebuleni mwanamke hakanyagi.

Kisha nchi ikafunguka. Mliisoma kwenye magazeti, sisi tuliiona barabarani. Sinema zikaja, matamasha yakaja, madam wangu akajifunza kuendesha gari na kunifanya nikae kiti cha abiria nikisali. Mwenzangu akawa anafunga majukwaa makubwa kuliko viwanja vya mpira. Na ibadani, Ijumaa moja, mlango ukafunguliwa wakaingia manesi. Baada yao wakaja dada wa kazi za nyumbani, wale waliopata madam wenye moyo. Walinzi wakaanza kuoga. Keki ikaboreka. Mchungaji akalia kwa furaha, akasema Bwana ametenda, mwaka huu hatutakuwa tena na kituko cha mwanamume kuvaa leso.

Kituko. Alilisema akicheka, na watu wakacheka, na mwenzangu akacheka kuliko wote.

Mariamu akapewa nesi wa kliniki ya meno, msichana mwema, mwenye sauti nzuri. Mwenzangu akapewa Yusufu. Usiku ule nilimkuta amekaa kitandani na maneno mapya mkononi, nikajiandaa kwa matanga. Aliinua uso akaniambia, "Mume asiyemgusa mkewe. Hii sihitaji mazoezi." Tulicheka hadi mwenzetu wa kitanda cha juu akaturushia kiatu. Lakini yeye alinyamaza mapema kuliko mimi.

Nchi ilifunguka, na mlango uleule uliowaingiza wanawake ukamtoa yeye. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Siwezi kuwakasirikia dada zetu kwa kutoka nje. Walifungiwa miaka, waliteseka kuliko sisi. Mchungaji naye alikuwa sahihi kwa kila neno. Hakuna aliyefanya kosa, na rafiki yangu alikuwa amenyang'anywa kitu pekee alichokuwa nacho. Nikabaki nimemkasirikia Yusufu.

Bi mkubwa alisikia kwamba sasa wanawake wanaruhusiwa, akafurahi. Alikuwa na harusi Riyadh siku zilezile za Krismasi. Nilimweleza kwamba Mariamu amebadilishwa, akasema atakuja vivyo hivyo, amekwisha kuahidi. Akaja mchana wa Krismasi, Mwislamu mwenye abaya yake, akaketi nyuma karibu na keki kama mtu aliyealikwa kwenye siku ya kuzaliwa, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Nesi akaingia na mto wake wa kulalia tumboni. Aliyasema maneno yote bila kukosea. Hakuna aliyemwinukia. Alisimama palepale katikati ya zulia hadi mwenzangu, Yusufu mwenye ndevu zake wazi, akaenda mwenyewe kuleta kiti, akamketisha, akasimama nyuma yake. Watu wakasema wanapendezana. Mama mmoja akanong'ona kwamba tarehe ya harusi ipangwe.

Nilipokuwa nampeleka bi mkubwa kwenye harusi yake, mwenzangu alikaa mbele nami, akisubiri neno lake. Tulipofika getini bi mkubwa akafungua mlango, akachomoa goti moja, akapumzika, akachomoa la pili.

"Mume mzuri," alisema. "Lakini mie sikuja kuangalia mume."

Baada ya hapo mwenzangu aliacha kuigiza. Ile leso alinipa nifutie vioo. Mchele tulipika siku ya kawaida, na hakuna aliyeutania. Bi mkubwa alipopiga simu, mwenzangu aliniambia nimwambie yuko kazini, naye alikuwa amekaa mbele yangu akikata kucha. Rafiki yangu wa Nairobi akaniandikia akitaka kujua mahojiano yamefika wapi. Nikamwandikia kwamba mmoja wa wasanii amestaafu. Aliniuliza kwa nini, nami nikashindwa kumweleza kwamba ni kwa sababu ya maendeleo.

Ilipofika likizo ya shule, nikawavusha tena watoto jangwani. Binamu ya madam alikuwa anaolewa, bi mkubwa ndiye mpigaji, na kampuni iliyokodiwa kufunga vyombo ilikuwa ya mwenzangu. Hilo hatukulipanga. Alikuja kwa lori la kampuni na hakuwa amenena neno na bi mkubwa tangu Krismasi.

Sasa, ukumbi wa harusi za wanawake una saa moja ya ajabu mchana. Kabla msimamizi hajafunga mlango, wanaume wako ndani: wafungaji wa spika, wapanga maua, mtu wa umeme, madereva kama mimi tunaobeba madufu. Na wapigaji wa kike nao wamekwisha kufika, wamejifunika, wakingoja kujaribu vyombo. Saa hiyo hakuna anayehesabiwa kuwa mtu. Sisi ni mikono tu, na wao ni kelele za majaribio. Baadaye msimamizi hupiga makofi, wanaume hutoka, na dunia hurudi mahali pake.

Bi mkubwa alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, chini ya kosha, yaani lile jukwaa la bi harusi lenye maua hadi darini. Binamu alikuwa pembeni na mashine ya nywele, akiipasha ngozi. Mwenzangu aliingia kwa mlango wa mbali, ndani ya ovaroli ya kampuni na viatu vya chuma, waya umezungushwa begani. Akamwona. Akageuza njia ili apite nyuma ya nguzo.

"We Mariamu," bi mkubwa aliita kwa Kiswahili, ukumbi mzima ukasikia na hakuna aliyeelewa. "Unapita hivyohivyo, hata salamu?"

Alisimama. Akasema kwamba Mariamu ni nesi, bi mkubwa alimwona mwenyewe.

"Nilimwona nesi," alisema. "Halafu nikarudi kwangu nikasubiri. Mie mtu mzima, mwanangu, magoti haya hayanipeleki tena Riyadh. Kama unayo, nionyeshe. Kama huna, nifungie spika zangu twende zetu."

Mwenzangu akatazama pande zote. Hakukuwa na leso, hakukuwa na mchele. Kulikuwa na Wabangladeshi wawili kwenye ngazi wakichomeka mawaridi, na fundi wa umeme aliyekuwa akila sandwichi. Nilitaka kumwambia aache, kwamba huu si mji wa kufanyia mchezo, kwamba msimamizi anaweza kuingia wakati wowote. Mwenzangu akautua ule waya sakafuni.

Alianza kutembea kutoka kule mlangoni. Sijui nieleze nini. Ovaroli ilikuwa ileile na viatu vilevile, na ndevu zote nje. Hakushika tumbo. Alikuja polepole, mgongo umerudi nyuma kidogo kulipa kile kilichokuwa mbele, na macho yake yalikuwa yametangulia, yanazunguka ukumbi ule wenye viti mia na zaidi vya dhahabu, vyote vimefungwa utepe wa wageni, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake. Aliviona na akavikubali hivyo. Alitoka mbali sana, mtu yule, na alikuwa amekwisha kuambiwa hapana kwenye nyumba nyingi. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupapasa hewa nyuma yake. Yule fundi wa umeme alikuwa ameacha kutafuna. Mimi, ninayezijua soksi zake, mpishi wa lile tumbo, nikajikuta nimeinama kuuondoa waya njiani asije akajikwaa.

Kisha nikasikia mguno wa magoti. Bi mkubwa alikuwa amelishika dufu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anasukuma paja lake ainuke. Binamu aliizima mashine ya nywele. Katika miaka yao yote hakuwahi kuliona jambo hilo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona nyumba inatembea. Bi mkubwa akasimama wima, akakigeuza kiti chake, akakisogeza hadi mkono ule uliokuwa ukipapasa ukakigusa. Mwenzangu akakaa, polepole, kwa vipande.

Bi mkubwa alimtazama kutoka juu. Hakutabasamu.

"Mwezi wa ngapi?" aliuliza.

"Wa nane," alisema. Alikuwa anatokwa machozi na hakujifuta.

"Basi usinyanyue vizito."

Akaanza kulijaribu dufu akiwa amesimama, magoti yakimtetemeka. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nililisikia bila ukuta katikati. Halikudumu. Msimamizi aliingia akipiga makofi, yalla, yalla, wanaume nje, halas, na Wabangladeshi wakashuka ngazi, na mwenzangu akainuka, akapangusa uso kwa mkono wa ovaroli, akawa tena fundi mwenye ndevu. Kwenye kona zilibaki spika mbili kubwa za akiba zilizotakiwa kurudi kwenye lori. Aliinama kuishika ya kwanza. Bi mkubwa, bila kuacha kupiga, akamtazama, kisha akanitazama mimi.

Spika nilizibeba mimi, zote mbili.